Shanga za Kirumi, Jumamosi Saa Tisa

Fundi miwani alistaafu akiwa na macho mazima na nyumba tupu. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amenunua shanga za kioo za Warumi wa kale, moja moja, na sasa zilijaa droo tatu: za buluu zenye matuta kama tikiti, za manjano zenye vidoa kama macho, na nyingine zilizolala ardhini karne na karne hadi zikang'aa rangi za upinde wa mvua. Kaka yake, ndugu pekee aliyebaki, alipiga simu mara mojamoja. "Dada, bado unalea vigae?" Akacheka, akakata simu.

Ndipo dada mtu akabandika tangazo maktabani: anayependa shanga za kale aje nyumbani kwake Jumamosi, saa tisa alasiri.

Jumamosi ya kwanza alitandika kitambaa cheupe, akapanga shanga, akachemsha chai. Hakuja mtu. Ya pili, vilevile. Ya tatu, mlango ukagongwa.

"Shikamoo mama. Nimeelekezwa kwa fundi miwani." Alikuwa mwanamume wa makamo, shati limekunjamana, mkononi ameshika miwani iliyolegea mkono.

"Marahaba. Nimestaafu, baba, lakini ingia."

Mgeni aliketi, akaona meza. "Hivi ni nini?"

Hapo tena! Mama akafunguka. Alimweleza jinsi kioo kilivyoyeyushwa na kuzungushwa kwenye kijiti cha chuma, akamwonyesha ushanga wenye tundu lililokwenda upande. "Huyu fundi alikuwa na haraka zake, au aligombana na mkewe asubuhi."

Hakusikia kicheko. Kuinua macho, mgeni amelala, kidevu kifuani.

Hakukasirika. Alichukua bisibisi ndogo, akakaza miwani, huku akiendelea kusimulia kwa sauti ya chini, kwa kuwa alikuwa bado hajafika kwenye zile za manjano.

Mgeni alizinduka jua likizama, aibu tele. "Nisamehe mama. Mke wangu kalazwa hapo hospitali, siku ya tano leo. Sijapata usingizi."

"Usijali. Kunywa chai kwanza."

Akanywa, akashukuru, akaenda zake.

Jumatatu mama alivaa viatu vya kutokea, akafunga chupa ya chai kwenye kikapu, akaenda hospitali. Karani wa mapokezi akamuuliza anamtafuta mgonjwa gani.

Mama alifungua mdomo amtaje mke wa yule mgeni. Kwa saa tatu nzima alikaa na mumewe, na hakumuuliza jina lake wala la mkewe.