Wali wa Mbwa

Usiku walipokuja wezi wa ng'ombe, mbwa hakubweka. Mume wangu alikufa mlangoni mwa zizi, na mimi nikakatwa panga begani. Mkono huo mpaka leo haupandi juu ya kichwa. Nguo naanika kwa mkono mmoja, na anayeniona nikianika huwa hahitaji kuambiwa mengi.

Kulipokucha, kabla hata marehemu hajaoshwa, shemeji yangu, mdogo wake wa tumbo moja, alimkamata yule mbwa akampiga rungu mbele ya waombolezaji. Akasema mbwa anayewanyamazia wezi naye ni mwizi. Watu wakaona ni uchungu wa kufiwa. Mimi nilikuwa nimelala ndani kwenye ngozi, mama mkwe ananipaka kidonda mafuta ya mkia wa kondoo. Mafuta yale kwetu ni dawa ya jeraha na ya mzazi. Nilipakwa miezi mingi. Harufu yake iliingia kwenye nguo, kwenye godoro, kwenye ugali. Hata leo ukinifunga macho nitakuonyesha nyumba ambayo mkia wa kondoo umeyeyushwa jana.

Sitaji majina. Watu wa Kenyamonta wanajua nani ni nani, na asiye wa Kenyamonta jina halitamsaidia. Lakini sitaficha ni nani alifanya nini. Nimesoma mpaka darasa la nne, naandika kama ninavyosema.

Nilipopona, kaka yangu wa Susuni aliniletea mitamba na mbwa mdogo, dume jekundu. Ng'ombe wakazaa. Mbwa naye akakua akawa mkali kweli kweli. Mpita njia alikuwa anaokota jiwe tangu kule kwenye mkonge. Shemeji ndiye aliyemsema sana. Akija kwangu husimama nje ya ua anaita, "Shemeji, funga huyo mtu wako, siku moja atanila." Nami namfunga, tunacheka, anaingia anakunywa uji. Kila mara, akiondoka, huacha neno lile lile: mwanamke peke yake na ng'ombe wote hawa, si bora walale kwenye zizi langu? Namjibu nina mbwa.

Mwaka mmoja, mvua zilipoanza kukatika, mbwa akaanza kuumwa tumbo. Aliharisha kitu cheupe chenye ute, akatapika, akakonda mpaka mbavu unazihesabu. Usiku anajikunja kwenye majivu analia kidogo kidogo. Mbwa anayelia tumbo habweki. Sasa nisikilize: mtu ambaye mume wake aliuawa kwa sababu mbwa alikaa kimya, akisikia mbwa wake amekaa kimya, halali. Nilikuwa nakaa macho na panga magotini.

Nikaanza na ninachokijua. Kwetu mbwa akiugua anapewa maziwa, maana maziwa yanatibu kila kitu. Nikampa. Akaharisha maji. Nikajaribu uji wa ulezi, akakaa vizuri kidogo, halafu akautapika. Nikampa dagaa wa ziwani waliochemshwa, nikidhani samaki ni chakula chepesi. Dagaa wana mchanga na chumvi, akaumwa kuliko mwanzo. Jirani akaniambia nimchome kwa chuma cha moto kwenye tumbo, kama ndama. Hilo nilikataa.

Nikaenda Mugumu kwa muuza dawa za mifugo. Alikuwa kijana mpole, hakucheka. Akanipa dawa ya minyoo, akaniuliza mbwa anakula nini. Nikamwambia: ukoko wa ugali, mifupa, maziwa yaliyoganda, anachookota. Akasema hapo huwezi kujua kinachomuumiza. Akanieleza nimpe chakula kimoja tu kwa muda, wali uliochemshwa ukalainika, usio na chumvi wala mafuta, na nyama nyekundu kidogo iliyotolewa mafuta yote. Kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Akitulia, niongeze boga la kuchemsha. Asionje kitu kingine. Akaniambia, "Mama, akitapika wakati anakula hicho tu, angalia alichotapika. Kama humo kuna kitu ambacho hukukipika, basi kuna mtu mwingine anayempikia."

Nilidhani ni mzaha.

Wali kwetu ni wa Krismasi na wa msiba. Habari kwamba nampikia mbwa wali ilitembea kuliko mimi. Kisimani wanawake waliniuliza kama naye atashonewa sare ya kwaya. Mzee mmoja alinisimamisha njiani. Nilipomsalimu shikamoo akasema marahaba, kisha akauliza ni lini mbwa atachukua mke, maana chakula cha harusi tayari anakula. Mama mkwe, aliyekuwa anaishi kwa shemeji ng'ambo ya kijito, alikuja mwenyewe kuangalia sufuria. Akafunika, akafunua tena. "Mwanangu," akasema, "mimi nimezaa wanane, nimekula wali mara ambazo naweza kuzikumbuka. Ningejua ningebweka."

Tukacheka mpaka akashika mbavu. Akakaa akanilalamikia mambo yake, kwamba panya wa nyumba ya shemeji wamekuwa wabaya, wanakula mpaka mafuta ya mkia kwenye kibuyu chake, kinapungua kila akigeuka. Nikamwambia atafute paka. Sikuwaza lingine. Nani angewaza?

Basi, mbwa akapona. Kinyesi kikashika, macho yakafunguka, usiku akaanza tena kuzunguka zizi na sauti yake. Nikalala. Nilikuwa sijalala hivyo tangu nikae mjane. Nikaongeza boga, akalipenda.

Halafu asubuhi moja namkuta nyuma ya jiko amejikunja, ametapika. Nikainama kuangalia, kama kijana wa Mugumu alivyosema. Wali ulikuwepo, mweupe, na uzi wa boga. Na juu yake kulikuwa na mabonge ya njano yaliyoganda, makubwa, hayakutafunwa.

Sikuhitaji kuyashika. Harufu ilinifikia kabla sijapiga magoti, na bega langu likauma palepale, kama lilivyokuwa linauma nilipopakwa. Mkia wa kondoo.

Mimi sifugi kondoo. Kwenye ukoo wetu pale karibu anayefuga ni mmoja tu.

Nilikaa chini kwenye majivu. Nilijiambia labda mbwa alikwenda huko akaiba. Lakini huyu mbwa, tangu aanze wali, namfunga mchana, na usiku haachi zizi. Aliyempa alikuja hapa, gizani, akapita karibu kabisa na ng'ombe, na mbwa wangu anayetaka kula watu akamlamba mkono.  Sikumwambia mtu. Nilimrudisha kwenye wali mtupu, nikamlaza ndani na mimi, nikangoja.

Haikuchukua muda. Shemeji alikuja mchana na wazee wa ukoo. Walikaa uani kwenye vigoda, mama mkwe naye akaja akakaa pembeni. Shemeji akaongea vizuri sana. Akasema wezi wamesikika Nyambureti, kwamba mimi ni mke wa kaka yake na damu yake, hataki kunizika. Ng'ombe wahamie kwake. Akaongeza kwamba hata mbwa mwenyewe anayetegemewa ni mgonjwa, analishwa kama mtu wa wodini. Wazee wakatikisa vichwa. Maneno yalikuwa ya akili, hata mimi ningekubali.

Nikaomba ruhusa niingie jikoni. Nikamfungua mbwa.

Alitoka na meno nje. Wazee walinyanyua fimbo, mmoja akapanda juu ya kigoda chake. Mbwa aliwabwekea mmoja mmoja, akawapita. Alipomfikia shemeji, mkia ukaanza kucheza. Akakaa mbele yake kama anayesubiri sadaka, akaweka pua kwenye mfuko wa kulia wa koti lake. Shemeji alimsukuma kwa goti. Mbwa akarudi pale pale, akaanza kuulamba ule mfuko kwa nje.

 Kila mtu pale alikuwa ameshamsikia shemeji akisema mbwa huyu atamla.

Mzee mkubwa alisimama, akatia vidole vyake mfukoni mwa shemeji bila kumwomba, akavinusa. "Mkia," akasema. Akawapa wenzake nao wanuse.

Shemeji hakupotewa na maneno. Akacheka. Akasema alimhurumia tu mnyama, anakonda kwa wali, naye akipita humtupia kipande. Tangu lini kumpa mbwa mafuta kukawa kosa? Nikaona wazee wawili wanaanza kulegea. Kweli, tangu lini?

Nikamuuliza, "Na yule wa kwanza, ulimhurumia pia?"

Sijui nilitarajia nini. Labda anitukane.  Aliyejibu ni mama mkwe, kule pembeni, na hakuwa ananijibu mimi. Alikuwa anaongea na kanga yake.

"Yule naye aliharisha. Kabla ya msiba aliharisha weupe, tukasema minyoo." Akamwangalia mwanawe. "Na kibuyu changu kilipungua. Nilimwambia kaka yako, akaniletea mtego wa panya. Mtego ule bado ninao, mura, kijana wangu."

Mbwa alikuwa bado analamba mfuko.

Nimeona mengi. Nimeona mume wangu na shingo yake. Lakini uso wa mama yule, alipokuwa anaelewa na kinywa kinaendelea kusema, sijawahi kuona kitu kama hicho na sitaki kukiona tena. Amemzaa aliyekufa, amemzaa na aliyefungua njia. Nami nikaelewa lile rungu mbele ya waombolezaji. Halikuwa uchungu. Mbwa yule angeweza kumfuata siku ya mazishi, kila mtu anaona, akalamba mfuko.

Wazee walipanga kikao cha ukoo, kile tunachokiita ritongo, aje aape. Hakikukaa. Shemeji alivuka mpaka pale Sirari kabla, na wanaosema wamemwona upande wa pili kila mmoja anasema mji wake. Walioshika mapanga usiku ule sijawajua hata leo. Aliyewanyamazishia mbwa ni yeye, mdogo wake mume wangu, na nimeandika.

Mama mkwe anaishi kwangu sasa. Siku aliyohamia alikimwaga kile kibuyu nyuma ya kaburi la mwanawe, akakivunja. Mbwa bado tumbo lake si zuri. Akila mfupa tu anaumwa, kwa hiyo wali na boga ndio chakula chake, na yai wakati kuku wanataga. Tumemzoesha kula jikoni, mkononi mwetu wawili tu. Mama ndiye anayempikia. Macho yake yamechoka, anakaa mlangoni penye mwanga, anachagua mawe kwenye mchele wa mbwa polepole kama anachagua wa mgeni.

Na mimi kila asubuhi, kabla sijafungulia ng'ombe, namwita, namfungua kinywa kwa mkono mzima, nanusa.