Miaka Mitatu Niliyojiongezea

Nakumbuka siku moja hapa Kabuta nilipojiongezea miaka mitatu, mwanangu. Karani wa vipande, yaani vitambulisho, alikuja, na bila kipande cha mtu mzima wenye mitumbwi hawakukubali kukuvusha hadi kambi za uvuvi za Kilwa, kisiwa cha ziwani kwetu. Mimi, mlemavu wa mguu tangu utotoni, nilichoka kuachwa ufukoni nikishona nyavu za wenzangu. Mjomba akaushuhudia umri huo wa uongo, karani akaandika.

Katekista wetu, mzee tuliyemwita Papa Leonard, alinikuta jioni penye kuanikia samaki, wasichana wakisikia.

"Weye mutoto, ule mwaka si wako. Ulizaliwa wakati maji ya ziwa iliingia mu kanisa, miye mwenyewe nilikubatiza. Siku moja utautafuta wa kweli."

Wasichana wakacheka. Mguu wangu ulikuwa mbovu, lakini kiburi kilikuwa kizima kabisa. Nilihama kanisa karibu mwaka mzima, na Papa Leonard akafa kabla sijamwomba radhi.

Sasa nimezeeka, na mguu wa pili nao umechoka. Serikali ilipoleta Nchelenge, mjini kwenye ofisi za wilaya, baiskeli za magurudumu matatu, zile za kuendesha kwa mikono, nilikuwa na mwezi mzima sijaliona ziwa. Binti wa ofisini alitazama kipande changu, akapiga magoti kidogo kwa heshima, akaniita babu.

"Pole, shikulu. Mumeshapita umri wa mwisho wenye wanaomba kwa kupewa baiskeli."

Kana kwamba mguu unajua umri! Nilinung'unika njia nzima. Lakini sheria hakuitunga yule binti, na uongo ulikuwa wangu.

Nikaenda kwa mtoto wa Papa Leonard, mama anayeuza samaki wakavu sokoni. Alifungua sanduku la bati, akatoa daftari la ubatizo la baba yake. Jina langu lilikuwamo, na mwaka wangu wa kweli. Nilikuwa bado na miezi minne kabla ya kupita umri. Pembeni mzee alikuwa ameandika: "Atakuja kuutafuta. Mumupe, musimugombeze."

Nililia pale pale, mwanangu, mbele ya wateja.

Padri akaandika barua, ofisi ikasahihisha, na leo nimefika ziwani kwa mikono yangu mwenyewe. Jirani yangu Mama Chola, ambaye umri wake umepita kweli, bado anakaa mlangoni. Samaki wake nampelekea mimi, na kila nikipita ofisini nalitaja jina lake, wasimsahau.

Basi, usiuongeze umri wako wala usiupunguze, hata kama ni kwa kitu unachokitamani sana. Na mtu akikuambia ukweli mbele za watu, kasirika ukitaka, ila usimhame. Mungu akupe wa kukugombeza kwa mapendo, na akujalie umwambie asante angali anasikia. Mimi asante yangu namwambia Papa Leonard njiani, nikizungusha magurudumu.