Akina Mbambu Waliopita Ukingo wa Skrini

Kavira alikuwa fundi simu Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, kwa miaka tisa, na mitatu ya mwisho alikuwa anatengeneza pia mchezo wa simu. Watu walimcheka: mwanamke mzima, michezo? Hakuwajibu, maana alijua anachokitafuta. Kasese mjini bwana Ahimbisibwe, mtengenezaji wa michezo, alitaka mtu mmoja wa kumwandikia programu. Mmoja tu. Jumamosi angejaribu mchezo wa kila mwombaji kwenye simu yake ndogo kwa nusu saa nzima. Ukiganda, rudi kwenu.

Na mchezo wa Kavira uliganda kila ulipofika dakika ya kumi.

Ulikuwa mchezo wa soko la Mpondwe. Wanawake wanavuka daraja kutoka upande wa Kongo, vikapu vya nyanya mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, nawe unawaongoza wasigongwe na bodaboda. Kila anayefika ukingo wa skrini, programu humfuta ili simu ipumue. Ili ijue nani wa kufuta, Kavira aliwaandikisha wote kwenye daftari la ndani ya programu, kila mmoja kwa jina la kwao: Masika, Biira, Kabugho, Mbambu. Kwani angewaita nani tena?

Ijumaa asubuhi, baada ya kuhangaika wiki nzima, aliirudisha kamera nyuma aone kuna nini nje ya ukingo.

Walikuwa huko. Wanawake elfu na zaidi, kwenye uwanda mtupu ambao yeye hakuuchora, wanatembea bado, vikapu mgongoni, mpaka wa mbele wamekuwa wadogo kama punje za mtama. Hakuna aliyewaambia safari imekwisha, basi walikwenda tu. Yeye ndiye aliyewaumba, kwa mistari michache ya maandishi, na hakuwa na habari nao.

"Mama, njoo uone."

Mama yake, Zerida, alivuka daraja lile na kikapu miaka ishirini, mpaka magoti yakamshinda. Aliinamia skrini.

"Hawa bote beko wapi?" aliuliza kwa Kiswahili chake cha upande wa Kongo.

"Nje, mama. Hawaonekani, lakini simu inawabeba."

Mama akagusa jina lililoelea juu ya kichwa kimoja. "Huyu Mbambu, ni Mbambu wa nani?"

"Mbambu tu."

"Na ule pale?"

"Mbambu pia."

Mama alimtazama kama anayemtazama mtu aliyetoka nyumbani bila viatu. "Kavira. Ulisikia wapi mutu anaitwa Mbambu tu?"

Hapo ndipo Kavira alipoona aibu ya mwaka. Kwao jina hufuata zamu ya kuzaliwa, hivyo karibu kila nyumba ina Mbambu wake. Ita Mbambu sokoni, wanageuka kumi, ndiyo maana hakuna anayetajwa bila kuulizwa ni wa nani. Na daftari lake lilishika kila jina mara moja tu. Mbambu mpya akiandikwa, yule wa kabla anatoka daftarini, lakini njiani yumo. Programu ilimfuta wa mwisho, ikawasahau wote waliomtangulia.

Akampa kila mmoja namba yake mwenyewe juu ya jina. Alipotaka kuanza kuwafuta, mama akamshika mkono.

"Ngoja. Utabafukuza na mizigo mugongoni? Batue kwanza."

Kavira nusura acheke, lakini hakucheka. Akaongeza mistari mitatu.

Jumamosi, mjini Kasese, Ahimbisibwe alicheza mchezo kwenye simu yake ndogo. Pembeni ya skrini ilisomeka hesabu ya waliomo: arobaini, thelathini na nane, arobaini. Nusu saa ikapita. Akafunga daraja la mchezoni asiingie mwingine, hesabu ikaanza kushuka. Kila mwanamke alifika ukingoni, akatua kikapu, akanyoosha mgongo, akatoweka yeye na kikapu chake. Tatu. Mbili. Moja. Sifuri. Katika miaka yote mitatu Kavira hakuwahi kuiona sifuri ile, na machozi yalimlengalenga.

"Huku kutua vikapu kunaipunguzia simu nini?" aliuliza Ahimbisibwe.

"Hakuipunguzii kitu. Mama alisema wamechoka."

Ahimbisibwe akafungua daraja tena, wakaingia wachache, akalifunga, akaiweka simu mezani, akawatazama wakitua mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Kisha akamuuliza Kavira kama kuanza kazi Jumatatu ni mapema mno.