Mwanzo wa Picha ya Watoto wa Ulaya

Sinema ikija Dodoma mimi huangalia mwanzo tu. Gari la sinema likifika uwanjani pale Majengo, wajukuu wa dada yangu hunibebea kigoda na kunikalisha mbele kabisa. Kabla hadithi haijakolea nimeshainuka, naomba njia, naenda zangu. Hunicheka, wanasema bibi macho yamechoka. Macho yangu ni mazima. Kinachonipeleka pale ni hasira, na hasira yenyewe ina umri mkubwa kuliko mama zao.

Wakati wa Mjerumani kitu hiki hatukuwa na jina lake. Reli ilikuwa imefika kwetu juzijuzi na mawe ya stesheni yalikuwa bado yanang'aa. Akashuka Mzungu mmoja na masanduku mengi. Askari hawakumpigia saluti, kwa hiyo tukajua si mtu wa boma, ila kila alichokitaka boma walimpa. Sanduku moja lilikuwa na jicho mbele na mkono wa kuzungusha ubavuni. Tukaambiwa linapiga picha zinazotembea. Sisi hata picha zilizosimama tulikuwa tumeziona kwa nadra.

Akida, msimamizi wetu aliyewekwa na boma, akaja nyumbani kuniita. Aliniita mimi kwa sababu nilijua Kiswahili. Nilikuwa nimesoma misheni kidogo, na jioni niliwafundisha watoto wa majirani nyimbo na kuhesabu. Kiswahili nilikipata kwa jasho, sikukinyonya, ndiyo maana mpaka leo mtu akinichezea maneno yake nakasirika upesi. Mume wangu alikuwa na ng'ombe malishoni, mbali. Nilikwenda na binti yangu, kwa kuwa sikuwa na wa kumwachia.

Nilimkuta yule bwana amekaa juu ya sanduku, kofia magotini, amekunja uso. Nilimwamkia. Hakuitikia, akaanza shida zake moja kwa moja.

"Mimi iko na picha ya watoto," akasema. "Watoto ya Ulaya kutazama. Mwisho iko. Katikati iko. Mwanzo hapana."

Alikuwa ameshapiga picha za twiga, viboko na bandari, safari yote kutoka pwani. Kilichomshinda ni namna ya kuanza. Alitaka watoto wa kwao, wakikaa tu, jambo la kwanza waone watoto wenzao, na wacheke. Akaniuliza watoto wa huku wanafanya nini kutwa.

Lazima niseme ukweli, jambo hilo lilinifurahisha. Hakuna Mzungu aliyewahi kuniuliza watoto wetu wanafanya nini. Nikachuchumaa pale mchangani nikamweleza. Akaokota kijiti, akachora mraba, akasema huu ndio picha ya kwanza, niweke nini ndani. Nikasema weka korongo la mchanga, kiangazi, watoto wanafukua maji. Akachora mraba wa pili. Nikasema weka binti yangu anamnywesha ndama kwa kibuyu, na ndama anamlamba mkono, kwa sababu una chumvi ya jasho, na yeye anatekenyeka. Akacheka. Akachora wa tatu. Nikasema gari moshi linalia mbali, watoto wanainua vichwa. Wa nne, wanaacha vibuyu, wanatimka kwenda relini kushindana na gari, maana huo ndio ulikuwa mchezo wao wa kila siku. Wa tano, gari lenyewe, na dereva anawapungia mkono.

Tulikaa juu ya ile miraba mpaka kivuli kikahama. Alimtazama binti yangu, akamgeuza kidevu huku na huku, akasema uso wake ndio utakaotangulia. Watoto wa Ulaya, kabla ya twiga na kabla ya kiboko, watamwona yeye. Nilirudi nyumbani kichwa juu. Nilimpaka mwanangu samli mpaka akang'aa, nikamvalisha shanga zangu za harusi na kaniki mpya niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya sikukuu. Nilitaka wale watoto wamwone ni mtoto wa watu, ana mama, anatunzwa. Sikutaka kingine kwa mtu yule.

Siku ya kazi nikafika na binti yangu na watoto wa majirani, wamepangana, safi. Bwana alikuwa amesimama juu ya miraba yetu. Wa kwanza na wa pili alikuwa ameshaifuta kwa kiatu. Alama za kisigino zilikuwa pale pale nilipomwekea ndama.

"Maji hapana," akasema. "Ndama hapana. Watoto ya Ulaya naona ndama kila siku. Watoto hii naona gari moshi, naogopa sana, nakimbia. Watoto ya Ulaya nacheka."

Nikamwambia, "Bwana, watoto hawa hawaogopi gari moshi. Baba zao ndio waliobeba udongo wa tuta hili. Huyu wangu alikuwa akimpelekea baba yake uji hapa hapa."

"Kesho naogopa, leo naogopa, mimi nataka naogopa," akasema, na akida akanikonyeza ninyamaze.

Kisha akaitazama ile kaniki. Akasema ivuliwe. Akida akaleta ngozi za mbuzi zilizochunwa juzi yake, mbichi, zinanuka, nzi wamezijaa. Watoto wetu walivaa ngozi, ndiyo, lakini ngozi iliyolainishwa na mama kwa mafuta na mikono yake mpaka ikawa nguo. Zile zilikuwa takataka za machinjioni. Binti yangu akaniuliza kwa Kigogo amekosa nini. Nilimvua kaniki, nikaikunja, nikaishika kwapani. Nilikuwa na ghadhabu na sikuwa na pa kuipeleka, maana boma lilikuwa hatua chache na kila mtu alijua hamsa ishirini, vile viboko ishirini na tano, ni nini.

Gari la mizigo lilikuwa linangoja. Watoto wakasimamishwa kando ya reli. Bwana akashika mkono wa sanduku, akaanza kuzungusha, likawa linakereza kama jiwe la kusagia uwele. Gari likaja, linatoa moshi. Akapaza sauti kwa Kiswahili chake:

"Toto! Kimbia! Kimbia!"

Wakakimbia. Wee, walikimbia. Waligeuka wote pamoja na gari, sambamba nalo, ngozi zinawaanguka, wanapiga vigelegele, binti yangu mbele, anatazama nyuma kuona kama injini inamfikia. Dereva akawatambua, akawapigia honi na kutoa mkono dirishani. Ulikuwa mraba wangu wa nne na wa tano, barabara, kama nilivyomweleza. Nilicheka kwa sauti.

Bwana aliitupa kofia chini. Akanijia na kidole, akasema nimewafundisha vibaya, nimewaambia maneno mengine.

"Sijawaambia neno," nikasema. "Umesema kimbieni, wamekimbia. Ungetaka nini?"

Hakujua kwamba neno lile lina sura mbili. Mtu anakimbia mbio, na mtu anakimbia hatari, na mtoto asiye na hatari mbele yake akiambiwa kimbia atashika mbio. Akida alijua, tena mwenyewe alitoka pwani, lakini alitazama viatu vyake.

Bwana akaenda stesheni, akasema na watu, na gari likarudishwa kinyumenyume. Kisha akasema na askari mmoja, pembeni, sikuyasikia. Akanijia kwa sauti ya upole. Akanitaka nisimame kando ya sanduku, karibu kabisa, ili watoto watazame upande huu. Nikaona si neno baya. Mtoto hutazama alipo mama yake, hilo na yeye alikuwa ameligundua. Nikasimama.

Gari likaja tena. Watoto walikuwa wameshaanza kugeuka washindane nalo, wanachekeana. Hapo nyuma ya rundo la kuni za injini akatokea yule askari, na kiboko mkononi. Akakichapa chini mara ya kwanza. Mara ya pili hakukichapa chini. Alimpiga mtoto wa nyuma kabisa, kitoto cha jirani yangu, mgongoni.

Askari mwenyewe alikuwa upande ambao jicho la sanduku halikuufikia. Hilo nililielewa baadaye, na kadiri nilivyolielewa ndivyo nilivyochukia. Kwa jicho lile palikuwa na gari moshi, na watoto wanatawanyika mbele yake wakilia.

Binti yangu hakutawanyika. Alinyoosha mikono yote miwili akaja moja kwa moja nilipo, mdomo wazi, ananiita, ile ngozi imemkaa begani upande mmoja. Nilipiga hatua. Bwana akanitia mkono wa kushoto kifuani akanizuia nisiingie kwenye picha, na mkono wa kulia unaendelea kuzungusha. Alikuwa mtu mwenye nguvu. Nilimsukuma, hakutikisika. Mwanangu akaja mpaka mbele ya lile jicho, akaona mama yake yuko pale na haji kumpokea. Uso alioufanya mbele ya sanduku lile sikuwahi kumwona nao tena hata katika mabaya yaliyofuata. Bwana alizungusha mpaka uso ule ukawa karibu kabisa, ndipo akaniachia.

"Vema," akasema. "Vema sana."

Nilimbeba. Alikuwa mkubwa wa kubebwa, nikambeba. Shanga zilikuwa zimekatika. Kile kitoto cha jirani kilikuwa kimekaa chini kinajipapasa mgongo, na askari anawasha kiko.

Nilipoweza kusema nilimuuliza yule bwana watoto wa kwao watajuaje wanachokitazama, maana picha zake hazikuwa na sauti. Akasema kati ya picha na picha kutakuwa na maandishi, wale wanaojua kusoma watawasomea wadogo. Nikamuuliza ataandika nini hapa. Akafikiri, akajibu kwa furaha:

"Watoto nakimbia gari moshi."

"Andika basi kwamba huyu anamkimbilia mama yake," nikasema.

Akamtazama akida. Akida akaeleza kitu kwa Kijerumani, kifupi mno. Bwana akainua mabega.

"Kimbia, kimbilia," akasema. "Sawasawa tu."

Nilikwisha kutukanwa na wakubwa mara nyingi, na baadaye nimetukanwa na wa kila bendera. Hakuna lililoniingia kama hilo. Nilimwambia si sawasawa. Nilimwambia anayekimbia ana kitu nyuma yake na anayekimbilia ana mtu mbele yake, na kwamba mtoto mdogo wa kwetu anayejifunza Kiswahili hakosei hapo. Nilisema kwa sauti ambayo mwanamke hakuthubutu kuitoa pale stesheni siku zile. Nilichota mchanga. Akida akanishika kifundo cha mkono kabla sijaurusha ndani ya lile sanduku, akaninong'oneza, "Mama, una mtoto mkononi." Nikaufungua mkono. Bwana akafunga masanduku yake akapanda gari lile lile, na alipokuwa ngazini alimpungia mwanangu, kweli kabisa, kama mtu aliyecheza naye.

Binti yangu hakushindana na gari moshi tena. Likilia, aliingia ndani ya tembe akakaa nyuma ya vihenge vya nafaka mpaka lipite. Kwa hiyo yule bwana alipata alichokitaka, mtoto wa Kigogo anayeogopa gari moshi. Mwanangu aliniuliza mara nyingi, tena kwa miezi, kwa nini siku ile sikuja. Nilimwambia nilishikwa. Alinisikiliza, na siku nyingine aliuliza tena.

Halafu ikaja vita ya wakubwa. Majeshi yalipita, hawa wakichukua ng'ombe, wale wakichukua nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, na mvua nayo ikakataa. Njaa ile waliokuwapo wanaijua, na asiyekuwapo sitamweleza. Mwanangu alikuwa hajavunja ungo. Tulimzika bila sanda ya maana, katika ile kaniki ya sikukuu, iliyokuwa imeshakuwa fupi.

Sina picha yake. Uso wake umeanza kunipotea, nakumbuka zaidi uzito wake na harufu ya samli. Lakini katika nchi fulani ya mbali, ndani ya bati la kuwekea picha la mtu fulani, yupo mzima, anatembea, na watoto waliokuwa wakimtazama walishazeeka kama mimi. Walimcheka. Ndiyo kazi aliyowekewa.

Ndiyo maana huangalia mwanzo tu. Najua gari la sinema halitaleta picha ile, mimi si mjinga. Naangalia hata hivyo, kwa sababu akitokea nataka kuwepo mbele, pasiwe na mkono wa mtu, na nataka kuwaambia watakaokuwa wamekaa nyuma yangu wakianza kucheka: nyamazeni. Yule wa mbele, mwenye ngozi begani, hakimbii. Ananikimbilia mimi.