Siku Tuliyofukia Neno la Mtemi

Mume wangu alifariki pamba ikiwa inapaliliwa, kule Ngulyati. Matanga hayajaisha vizuri, kaka yake akaanza kuingia zizini kwangu kukagua ng'ombe kama mwenye mji. Alitaka kunirithi. Mimi! Mtu ambaye hata salamu yake ilinichosha.

Lakini nilijua watemi walikwisha kaa wakabadilisha sheria: mjane asirithiwe mpaka akubali mwenyewe mbele ya baraza. Ilitangazwa gulioni, wanawake tukapiga vigelegele. Shemeji aliponiita barazani Bariadi, nilikwenda kifua mbele.

Karani akafungua kitabu, akasoma sheria ya zamani: mjane ni wa ukoo. Shemeji akatabasamu.

"Na ile mpya?" nikauliza.

Karani akainamisha macho, akachomoa karatasi nyuma ya kitabu. Iliagizwa ibandikwe juu ya ile ya zamani. Tatizo, ile ya zamani ilikuwa neno la mtemi aliyekwisha kufa, na wazee wa baraza walikataa lifunikwe. Walisema ni kumtukana marehemu. Basi sheria mbili zikalala kitabu kimoja, na wajane tukasomewa ile waliyoizoea wazee.

Jamani, nilipandwa na hasira! Nikasimama bila kuambiwa.

"Baba zangu, mume wangu nilimpenda. Mliniona nikimmwagia udongo kwa mikono hii. Nilimtukana?"

Nikawanyooshea mikono waione.

"Tulimfukia kwa sababu tunamheshimu. Na neno la mtemi lifukieni vivyo hivyo."

Mzee aliyekuwa mkubwa wao akakohoa, akaniita mama kwa lugha yetu. "Mayu, huna haya wewe."

"Sina, baba. Bandikeni."

Karani akasema gundi imekwisha. Eti gundi! Nikatoka nje kwa mama muuza uji, nikarudi na kata ya uji mzito, nikaitua mezani mbele yao. Shemeji akaanza kulalamika, mzee akamwambia anyamaze. Akachovya kidole, akapaka, akabandika ile karatasi, kisha akaipapasa taratibu, midomo ikimchezacheza kama mtu anayeaga. Hapo nilimwonea huruma, sitaficha. Alimtumikia mtemi yule tangu ujana wake.

Akajifuta kidole, akaniangalia.

"Haya, mayu. Shemeji yako unamkubali?"

"Simkubali," nikasema, na uji ulikuwa bado haujakauka.