Mama Mkwe Chini ya Daraja

Siku hiyo mama yangu na mimi tulikuwa tunapalilia mtama karibu na daraja la reli, lile la zege lenye matao mawili, ambalo treni za Kisumu zinapita juu yake hadi leo. Mama alikuja kunisaidia kwa sababu nilikuwa na mtoto mgongoni, na pia, kama alivyosema mwenyewe, kwa sababu mimi hupalilia kama mtu anayejikuna kipele.

Mume wangu Odero alikuwa kibarua wa reli. Vita vya Wajerumani vilipofika Kisii, alipewa firimbi na panga, akaambiwa alinde daraja lisilipuliwe. Alishinda chini ya tao la upande wetu. Mimi nilimpelekea chakula. Mama hakukanyaga huko. Kwetu Wajaluo mama mkwe na mkwewe hawakai pamoja wala hawatazamani usoni. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja anaingia majanini. Tangu anioe, mama alimjua Odero kwa kisogo tu. Nilikuwa nawacheka wote wawili.

Mchana bunduki zikalia ng'ambo ya mto.

Nilikimbilia chini ya tao. Risasi ziligonga zege juu yetu, vumbi likatuingia machoni.

Mama hakuja. Alisimama pale pale kwenye mtama, jembe mkononi, akiangalia pembeni.

"Mama, ingia!"

"Mkwe yuko humo," alisema.

"Mama, watakuua!"

Hakusogea.

Odero alimsikia. Alinipisha, akatoka mbio, akajitosa mtoni kuelekea tao la pili, kule kule bunduki zilikokuwa zinalia.

Ndipo mama akaingia. Alijibanza kando yangu, akaushika mguu wa mtoto.

Bunduki zilinyamaza. Hadi leo sijui waliokuwa nyasini ni Wajerumani au askari wetu walioogopa vivuli. Odero alirudi amelowa chapachapa, anacheka, akapitia mbali na mama. Jioni nilipika samaki, tukala kwa furaha ambayo naikumbuka hata sasa.

Baadaye serikali ilimchukua kubeba mizigo ya jeshi. Akafa huko kwa kuhara, na kaburi lake hatulijui. Silalamiki. Nina shamba, nina ng'ombe, binti yangu ameolewa vizuri, na siku zangu nyingi ni njema. Lakini namkosa, na sioni haya kusema hivyo.

Habari zilipofika, mama alilia kunishinda. Alipotulia akaniuliza, "Uso wake ulikuwaje?"

Nilimweleza: paji pana, jicho la kushoto dogo kuliko la kulia, na akicheka anayafumba yote mawili.

Mama alimpakata mtoto, akamgeuzia mlangoni penye mwanga, akamtekenya mpaka akacheka. Alimtazama kwa muda mrefu.

"Basi huyo namjua," alisema.