Karatoni Yenye Matundu

Miwani yangu ilikanyagwa siku tuliyokimbia mji wa Baraka kwenda Lweba, kijiji cha kando ya ziwa, na tangu hapo ziwa likawa kwangu weupe mmoja usio na mwisho. Chuo kikuu changu kilikuwa kimefungwa kwa ajili ya vita, na barabara ya Uvira, kwenye duka la miwani, haipitiki. Ningevumilia, kama si koko, nyanya yangu mzaa mama.

Koko alikuwa hawezi kutembea. Kila zilipopigwa kelele kwamba mitumbwi ya askari inakuja, mimi na mama mdogo tulimbeba kwa kipoyi, machela ya miti miwili na blanketi, tukapanda naye milimani. Mara ya mwisho mti mmoja ulivunjika, akaangukia mawe. Mitumbwi yenyewe ilikuwa ya wavuvi wa ndakala, wale samaki wadogo. Tuliporudi alikuwa ameshika mbavu.

"Sitabebwa tena sababu ya ndakala," alisema. "Kama iko askari, mutu aone kwanza, aniambie."

Mtu huyo nilikuwa mimi. Mchana mama mdogo alikuwa katika shamba la mihogo nyuma ya nyumba, na ni mimi niliyekaa na koko uani, tukielekea ziwa.

Nikakumbuka somo la fizikia la sekondari: tundu dogo hupitisha miale michache, na picha hutulia. Sikuliamini sana. Nilikata karatoni, boksi tupu la dawa, nikaitoboa matundu kwa sindano, nikaifunga machoni kwa uzi uliopita masikioni. Majani ya mgomba wa jirani yakapata kingo. Nikavua, yakayeyuka. Lakini labda nilikuwa naona kwa kuwa nilitaka kuona, kwa hiyo nikamwomba mama mdogo asimame mbali na kuinua vidole.

"Ngapi?"

"Vitatu."

"Na sasa?"

"Hakuna. Umekunja ngumi."

Alicheka mpaka akakaa chini. "Universitaire yetu anavaa chujio ya chai! Hata mbuzi itakukimbia!"

Mimi sikucheka. Kupitia karatoni dunia ilikuwa na giza, na niliona kipande kimoja tu kwa wakati. Pembeni hapakuwa na kitu.

Siku chache baadaye, jua likiwa kali, kelele zikaanza. Majirani walibeba sufuria na watoto, wakaondoka. Wakati ule wachuuzi waliotoka ng'ambo ya ziwa walijua kwamba wanatutisha. Kabla ya kufika ufukweni walikuwa wakizima mota, na wanawake wakisimama na kukunjua vitenge vyao, tujue si askari. Nilivaa karatoni nikatafuta. Mtumbwi. Watu wamekaa. Mota ikanyamaza, wanawake wakasimama, na kitambaa chekundu kikafunguka.

"Unaona ao unafikiri?" koko akauliza.

"Naona bamama."

"Basi nipe maji."

Nilimpa, kisha nikarudi kutazama. Je, askari hawezi kumwamuru mwanamke asimame? Nani alikuwa amelala kati ya magunia? Tundu lilinionyesha kitenge, halikunionyesha kwa nini kimekunjuliwa. Sikuondoa macho mpaka wanawake wale waliposhusha chumvi na unga, wakishangaa ufuko mtupu.

Jioni majirani walishuka, wakaicheka karatoni yangu, wakanishukuru kwamba sasa kijiji kina macho. Shukrani zao ndizo zilizoninyima usingizi.

Kelele zilizofuata zilikuja asubuhi moja ya ukungu, na hakuna aliyekimbia. Walijaa uani kwetu, mizigo kichwani, wakinitazama.

"Angalia basi, universitaire," jirani mmoja alisema. "Tunakungojea weye."

Nilisikia mota. Nilivaa karatoni: giza. Nikasogea mbele: giza. Nikavua: weupe. Mama mdogo alikuwa amefika kutoka shambani, jembe bado mkononi. Ningesema bamama, wangebaki. Ningesema askari, wangekimbia, na koko angebebwa tena, pengine kwa ajili ya ndakala.

"Koko," nilisema, "sioni kitu."

Watu waligeuka palepale, wakaanza kupanda. Koko akaninyooshea mikono yote miwili.

"Basi leta kipoyi," alisema. "Na muchunge mbavu yangu."